Majani ya porini kwenye lupango (kiwanja cha nyumba): ngoja mvua za kwanza

Wandugu wa Lubumbashi, kabla hamjanunua tena maua ya vyungu yatakayokauka Agosti, tazameni kando ya barabara mkitoka mjini. Yale majani marefu, Hyparrhenia, tunayoezekea vibanda, yamezoea udongo wetu mwekundu na miezi mitano au sita bila mvua. Yakipandwa mstari kando ya ukuta yanapendeza kweli.

Kosa ni kuyang'oa Julai. Ngoja mvua za kwanza, mwisho wa Oktoba au Novemba, machipukizi yakianza kutoka. Chimba kichaka kizima, kikate kwa panga vipande vyenye machipukizi matano hivi, punguza majani yabaki shubiri moja, kisha panda siku hiyo hiyo kabla mizizi haijapigwa na jua. Acha hatua moja kati ya kipande na kipande. Hupita kimo cha mtu, kwa hiyo si chini ya dirisha! Samadi achia mchicha. Yakishiba sana huanguka.

Ya mashuke mekundu laini, Melinis repens, hayahitaji jembe: kusanya mbegu, zimwage tu. Lakini ukichimba ukakuta mizizi myeupe inayotambaa, yenye ncha kali kama sindano, hiyo ni Imperata. Iache huko huko, itakumalizia bustani ya mboga.

Kiangazi yaliyo karibu na nyumba yakate mapema, maana majirani huchoma takataka. Ya mbali yaache yasimame hadi Septemba. Jirani yangu alinicheka eti napanda pori. Juzi kaja kuomba vipande vitatu.