Somo: Mtutu mpya wa .22, namna ya kuuanza na kuusafisha

Wakuu, ukinunua bunduki mpya ya .22 (mtutu wenye tundu la inchi 0.22 hivi) hukosi mtu wa kukwambia: piga moja, safisha, piga moja, safisha, mpaka mtutu uzoee. Desturi hiyo ni ya bunduki kubwa, ambazo vichwa vya risasi vimevikwa shaba, na shaba hung'ang'ania kwenye mifereji iliyochongwa ndani ya mtutu. Kichwa cha kawaida cha .22 LR (Long Rifle, risasi ya bunduki hizi) ni kama gramu 2.6 za madini laini ya risasi, yaliyopakwa nta au grisi. Hakuna shaba ya kusugua. Kwa hiyo ibada ile iache.

Hatua ya 1. Chomoa magazini, fungua boliti (kifungio cha nyuma), tazama chemba, pale risasi inapokaa, kwa macho, kisha ipapase kwa kidole. Risasi zikae chumba kingine.

Hatua ya 2. Toa mafuta ya kiwandani yaliyowekwa kuzuia kutu. Chomoa boliti, upitishe fimbo ya kusafishia kutokea nyuma, upande wa chemba. Anza na kitambaa chenye dawa ya kusafishia bunduki, malizia na vikavu mpaka kitoke safi.

Hapa msiharakishe. Ukingo wa mdomo wa mtutu ndipo risasi inapoagana na mifereji. Ukilika upande mmoja, gesi hutoroka upande huo kwanza na kuisukuma risasi pembeni. Fimbo za vipande vya kuunganisha hupinda na kuusugua ukingo huo. Nunua ya kipande kimoja, pamoja na kibomba cha kuiongoza. Brashi ikitokeza mbele, ifungue ndipo urudishe fimbo. Kwa maoni yangu, mitutu ya .22 huuawa na fimbo zaidi kuliko risasi.

Hatua ya 3. Nenda uwanjani upige. Za mwanzo zitatawanyika, usiguse darubini. Nta inajipaka mtutuni, na baada ya kumi hadi ishirini hivi matundu huanza kukusanyika. Ukibadilisha aina ya risasi, vumilia tena, maana kila kiwanda kina nta yake.

Hatua ya 4. Siku za kawaida, vitambaa viwili vitatu vinatosha mtutuni. Kazi ipo kwenye chemba. Mbele kidogo ya ganda linapoishia hujengeka pete ngumu ya masizi: risasi zinaingia kwa shida, maganda yanagoma kutoka, shabaha inapotea, na ukichungulia mtutu unaona unang'aa tu. Dondoshea dawa, acha dakika kumi na tano, zungusha brashi ya shaba papo hapo, futa.

Ukimaliza, nawa mikono kwa sabuni kabla ya kula. Madini ya risasi ni sumu, na vile vitambaa watoto wasivichezee.

MASWALI YA WANACHAMA

Mkuu, yangu ni Ruger 10/22, nyuma hakuna tundu la fimbo. Nipitishe mdomoni?
– Hapana. Tumia kamba ya kuvuta: itumbukize kutoka chemba, uivute mbele ikiwa imenyooka, isikwaruze ukingo.

Dawa yenye amonia inafaa?
– Hiyo ni ya kuyeyusha shaba. Hapa ni hela bure.

Niko Tanga, karibu na bahari. Kutu je?
– Pole, ndugu. Pitisha mafuta mepesi mtutuni kila baada ya kupiga, na usiihifadhi ndani ya mkoba wa ngozi au wa sponji, hushika unyevu. Kabla ya kupiga tena, pitisha kitambaa kikavu.

Naruhusiwa kufanya mazoezi ya kufyatua bila risasi?
– Soma kijitabu cha bunduki yako kwanza. Kwenye baadhi ya .22 pini ya kufyatulia hugonga ukingo wa chemba na kuubonyeza. Weka ganda lililokwisha pigwa, uligeuze kila mara pini ipate mahali papya.

Nisafishe baada ya risasi ngapi?
– Namba sina. Karatasi ya shabaha itakwambia: matundu yakianza kuachana bila sababu, anza na chemba.