Mzee ameacha shamba la michikichi? Msianze kugawana miti

Ndugu zangu wa Kigoma, anzeni na kikao cha ukoo. Dada zenu wawemo, hata walioolewa mbali. Kuwaruka ni dhuluma. Andikeni muhtasari, wote wasaini, kisha mwende nao Mahakama ya Mwanzo pamoja na cheti cha kifo ili ateuliwe msimamizi wa mirathi. Msimamizi si mmiliki: anakusanya mali, analipa madeni, anagawa. Mkiwa mnasubiri, andikeni pia nani anavuna chikichi na pesa ya mawese anaishika nani, maana hapo ndipo ndugu wanapoanza kununiana. Mkigombea mpaka, Baraza la Kata linasuluhisha tu. Tangu 2021 halitoi hukumu. Siku 30 zikipita bila suluhu, nendeni Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.