Pima sakafu ya nyuzi kwa ratili kumi

Godauni moja ya Shimanzi, Mombasa, ndiyo iliyonifunza, na ilinifunza kwa hasara. Nusu ya sakafu tuliimwaga alfajiri, nusu nyingine saa saba mchana. Ilikuwa Februari, kaskazi inavuma na jua liko utosini. Simiti ileile, kokoto zilezile, nyuzi za chuma, vile vijiti vifupi vya waya vinavyochanganywa ndani ya zege, kilo 25 kwa kila mita ya ujazo. Shehena za vyuma zilipoanza kuangushwa pale, upande wa alfajiri ulibaki na alama nyeupe tu. Upande wa mchana ukameguka kama mkate wa mofa uliolala. Mwenye godauni akashikilia kuwa nyuzi ni feki. Nyuzi hazikuwa na kosa. Mwenye kosa ni mimi niliyekubali kumwaga saa saba.

Tangu hapo kazi kubwa siimwagi kabla sijagonga visahani vya zege lake kwa uzito, nione linavyostahimili. Nawe unaweza, bila maabara.

Chukua paipu ya plastiki ya inchi sita, ile ya maji machafu, uikate pete za inchi mbili na nusu kwenda juu. Zipange juu ya ubao ulionyooka, chini tandika nailoni. Jaza zege lako, gongagonga ukingo kwa mwiko mpaka mapovu yatoke, funika kwa gunia bichi. Kesho yake toa pete, tumbukiza visahani kwenye pipa la maji, uvisahau hadi siku ya 28. Usitengeneze vichache. Kipimo hiki kina vituko: visahani viwili vya karai moja vyaweza kupishana sana. Mimi natengeneza sita kwa kila hali ninayotaka kuijua, kisha natazama wastani.

Uzito wa kuangusha ni ratili kumi, kilo 4.54, na unaanguka inchi 18. Hivyo si vipimo vyangu. Ni vya kamati ya 544 ya ACI, taasisi ya zege ya Marekani. Fundi wa kuchomelea alinikatia shafti ya inchi tatu, urefu inchi tano, akaichomea kipete cha kamba. Tuliipima kwa mizani ya muuza nyama, tukaisugua kidogo mpaka ikakaa sawa. Katikati ya kisahani weka gololi ya chuma ya inchi mbili na nusu, itafute kwa wauza skrepa. Juu yake simamisha paipu ya inchi nne iongoze shafti, vaa miwani, vuta kamba mpaka alama, achia. Kuachia, si kushusha. Kila pigo ni kama jouli 20.

Andika namba mbili: pigo lililoleta ufa wa kwanza, na pigo lililotenganisha vipande. Zege lisilo na nyuzi, namba hizo hukaribiana sana, likipasuka limekwisha. Lenye nyuzi za chuma hupasuka, kisha linaendelea kubeba, na ukichungulia ndani ya ufa utaziona nyuzi zimenyooka kama meno ya kitana. Ile nafasi baina ya namba mbili ndiyo uliyonunulia nyuzi.

Sasa joto, na hapa wengi huchanganya mambo mawili. Kuna joto la siku ya kumwaga, na kuna joto la siku ya kugongwa.

La kumwaga ndilo linalotuumiza Mombasa. Simiti ikishika moto hushika mbio. Siku za mwanzo inaonekana ngumu kuliko ya wenzako, lakini baadaye inabaki nyuma. Halafu zege hukauka kwenye karai, vijana wanalalamika kuwa nyuzi zinafanya mabumba, mtu anaongeza debe la maji. Debe hilo ndilo linaloharibu: uji ukiwa mwepesi hauushiki uzi, na pigo likija uzi unachomoka tu. Ukitaka kuamini, fanya karai moja alfajiri na jingine kwa kokoto zilizoanikwa juani, uongeze maji mpaka lilainike. Gonga yote mawili.

La kugongwa lina tabia nyingine. Weka visahani vikavu kwenye friza ya nyuzijoto 18 chini ya sifuri, siku nzima, uvigonge vikitoka tu. Zege lenyewe huwa gumu zaidi, ila linavunjika ghafla. Nyuzi za chuma hustahimili. Za plastiki, zile za polipropilini, hukakamaa. Kwa hiyo mtu akinipa sakafu ya chumba cha barafu cha samaki, namwambia chuma.

Upande wa moto, tahadhari. Kisahani kibichi usikitie kwenye oveni, mvuke unaweza kukilipua. Kikaushe kwanza, kisha upandishe joto polepole. Polipropilini huyeyuka kwenye nyuzijoto 160 hadi 170, ikaacha vitundu vitupu. Kisahani chenye nyuzi hizo kilichofikishwa nyuzijoto 200, kikipoa ukakigonga, ni kama hakikuwa na nyuzi. Ajabu ni kwamba vitundu hivyo ni neema moto ukizuka jengoni, maana mvuke hupata pa kutokea na zege halilipuki vipande.

Siku ya kumwaga yenyewe, anza saa kumi ya usiku. Kokoto ndizo zinazobeba joto jingi, kwa sababu ndizo nyingi, basi zifunike kwa turubai tangu jana na uzirushie maji jioni. Nunua barafu ya wavuvi, ipondeponde, na uzito wake uutoe kwenye maji ya kuchanganyia, la sivyo umeongeza debe kwa mlango wa nyuma. Chomeka kipimajoto cha jikoni kwenye zege. Changu kikisoma nyuzijoto 35 nasimamisha mashine, hata kama lori la kokoto linapiga honi getini.

Ukimaliza kulainisha, nailoni mara moja kabla kaskazi haijanyonya uso, kisha magunia mabichi siku saba. Maji ya kisima nayaonja kwanza. Yakiwa na chumvi naagiza boza, kwa sababu nyuzi za chuma na chumvi havikai nyumba moja.