Riwaya ya vijana ya Majimaji yenye miujiza: anzia kwenye miiko

Ukitaka kuandika fantasia ya vijana ndani ya Vita vya Majimaji, ile vita ya 1905 hadi 1907 ambayo watu wa kusini mwa Tanzania walipigana na Wajerumani wakiamini maji ya dawa yatageuza risasi, shida inakuja mapema sana: msomaji anajua mwisho. Kila aliyesoma shule Tanzania anajua yale maji hayakuzuia risasi. Sasa ukiandika kwamba yalizuia unawakosea heshima waliokufa, ukiandika kwamba ni uongo mtupu basi fantasia yako inakufa sura ya pili, na wengi hapo ndo wanaachaga.

Njia ya kutokea ni miiko. Dawa ya Kinjikitile, mganga aliyegawa hayo maji, haikuja peke yake, ilikuja na masharti, mpiganaji akae mbali na wanawake, asipore mali ya mtu, na mtu akianguka kwa risasi ikasemwa huyo kavunja mwiko. Yaani mfumo mzima wa uchawi upo tayari, majoka ya Ulaya ya nini? Tuseme una binti wa miaka 15 pale Umatumbi, nchi ya Wamatumbi huko Kilwa, na anaona nani kavunja mwiko, kama doa hivi kwenye ngozi. Kaka yake anarudi kutoka Samanga kulikochomwa maduka, na doa analo, kwa sababu kaficha kipande cha kitambaa. Amseme mbele za watu au anyamaze kesho aende nae kwenye bunduki? Hapo una riwaya. Na usije ukamwambia msomaji kama maji yana nguvu au hayana, muache binti ahangaike mwenyewe, maana kila anayekufa alikuwa na doa, ila na wazima wote nao wanayo.

Halafu chukua karatasi uandike tarehe ambazo hutazigusa. Mashamba ya pamba ya lazima yalianza 1902. Kinjikitile Ngwale alitokea Ngarambe 1904, inasimuliwa aliingia bwawani watu wakamsubiri, akatoka kesho yake nguo kavu (hilo tukio usiliruke jamani, weka mtoto kwenye kundi anaangalia). Julai 1905 pamba inang'olewa Nandete. Agosti 4 Kinjikitile ananyongwa Mohoro. Angalia hapo vizuri, vita ndo kwanza imeanza na mganga mkuu hayupo tena, kwa hiyo ukimfanya yeye ndo mwalimu wa shujaa wako hadi sura ya mwisho umeshaharibu. Agosti 30 ni shambulio la Mahenge na bombomu (bunduki za rasharasha) za Wajerumani, Februari 1906 ni kunyongwa kwa wazee wa Kingoni Songea. Uchawi wako uingie kwenye nafasi zilizobaki wazi kati ya hizo tarehe, usimfufue mtu.

Vitu vidogo navyo vinaumbua. Pesa ni rupia, shilingi bado haijaja. Akida, yaani mtawala mdogo aliyewekwa na Wajerumani, ndo anaongea Kiswahili cha pwani, nyumbani kwa binti wanaongea Kimatumbi, so wakiongea wote kama wasoma taarifa ya habari inakera. Askari wa Mjerumani wengi ni Waafrika, Wasudani, Wamanyema, kwa hiyo adui asiwe mzungu mmoja mwenye sharubu tu. Na ukiambiwa msichana hawezi kuwa mbele vitani, mtaje Mkomanile, kiongozi wa Kingoni aliyenyongwa Songea pamoja na wanaume.

Kosa ninaloona linawezekana kirahisi zaidi ni kumaliza kitabu risasi zikinyamaza. Wajerumani walichoma mashamba na maghala, na njaa iliua watu wengi kuliko bunduki. Ipe njaa theluthi nzima ya kitabu. Binti anayeona madoa afanyeje sasa, mama yake akipika mbegu za kupandia?

Rasimu ikiisha mpe mtu wa Kilwa au wa Songea aisome kabla ya mhariri, na ukipata nauli pita makumbusho ya Majimaji pale Songea. Kwenye majina ya sehemu na vyakula watakurekebisha haraka sana.