Ukitafuta utendi wa kwenu, anza na jina la mkusanyaji

Ndugu zangu wa Amu, mkitafuta tungo za wazee katika hifadhi ya chuo cha SOAS, London, msiandike jina la mtunzi peke yake. Sehemu kubwa ya hati za Kiswahili pale imewekwa chini ya jina la Mzungu aliyezikusanya, kama William Taylor au William Hichens. Si haki sana kwa mtunzi, lakini ndivyo daftari lilivyopangwa.

Tahajia nayo ina mambo. Hati ziliandikwa kwa herufi za Kiarabu, na kila aliyezigeuza kwa herufi za Kirumi alifuata sikio lake. Jaribuni jina la utendi mmoja kwa njia zote: Inkishafi, Al-Inkishafi na Alinkishafi. Utendi na utenzi. Kama mwajua ubeti wa kwanza kwa moyo, tafuteni kwa maneno yake, maana tungo nyingi hazina anwani.

Dar es Salaam ni karibu zaidi. Maktaba ya Chuo Kikuu ina hati zilizokusanywa na J. W. T. Allen, na orodha yake ilichapishwa mwaka 1970. Anayeipata asome orodha kwanza, ndipo afikirie nauli.

Na kama ni vitabu vya dini, kabla ya kwenda kokote ulizeni msikiti wa Riyadha, hapo Amu. Hati za msikiti ule zilipigwa picha kwa mradi wa Maktaba ya Uingereza. Mkiona mnachokitaka, nakilini namba ya hati. Bila namba, mtunza hifadhi hana pa kuanzia.