Somo: MX-5 ya zamani imeingia nyumbani, vijitatizo vimeanza. Anzia kwenye buti

Wakuu, somo hili ni la aliyenunua Mazda MX-5 ya kizazi cha kwanza, ile ya taa za kuchomoza ya 1989 hadi 1997. Wiki ya kwanza tu ana orodha: taa moja inapanda kwa shida, zulia lina unyevu, injini inamisi (inakosa baadhi ya milipuko na kushtuka), klachi inakamata chini kabisa. Usinunue spea yoyote bado. Mimi nilinunua mota ya taa kabla ya kupima chochote, nikaifunga, na jicho la kushoto likaendelea kupanda nusu na kusimama kama mtu anayesinzia mkutanoni. Kumbe soketi ya waya ilikuwa imejaa kutu ya kijani. Mota ya zamani ninayo mpaka leo, nzima kabisa.

Utaratibu ni huu: pima, rekebisha kitu kimoja, jaribu gari, ndipo uguse kingine. Ukibadilisha vitu vitatu kwa mpigo hutajua kipi kilikuwa kibovu.

Hatua ya 1: Betri na athi

Betri ya gari hili haipo mbele, ipo kwenye buti upande wa kulia. Pima kwa mita ya volti asubuhi kabla ya kuwasha. Ikiwa imejaa utaona volti 12.6 hivi; ukiona 12.2 imebaki kama nusu. Washa injini: inapaswa kupanda hadi kati ya 13.8 na 14.4. Isipopanda, alternata haichaji, au mkanda wake umelegea.

Sasa athi, yaani waya zinazounganisha hasi ya betri na bodi na injini, ambayo wengi huiruka. Weka ncha moja ya mita kwenye hasi ya betri, nyingine kwenye chuma kitupu cha bodi, kisha mtu awashe taa kubwa. Mita ikionyesha zaidi ya volti 0.2, athi ni mbovu. Rudia ukiwa umegusa chuma cha injini, huku mtu akipiga stata. Hapo ikizidi nusu volti, tafuta waya wa injini. Fungua bolti, piga msasa mpaka chuma king'ae, funga, paka grisi juu. Nusu ya "magonjwa ya umeme" huishia hapa: taa hafifu, vioo vya dirisha vinavyopanda kwa kujivuta, sindano za dashibodi zinazocheza ukiwasha indiketa.

Hatua ya 2: Maji yanatoka wapi?

Inua zulia la buti na lile la nyuma ya viti. Ukikuta unyevu, usikimbilie kulaumu turubai la paa. Maji ya mvua hukusanywa na mfereji wa nyuma ya turubai, yakashuka kwenye matundu mawili, moja kila upande nyuma ya viti, na kutokea chini ya gari karibu na tairi za nyuma. Majani na vumbi vikiziba, maji hurudi ndani. Mimina kikombe kimoja cha maji taratibu upande mmoja, kisha chungulia chini. Yakitoka kwa kasi, upande huo ni mzima. Yakitoka kwa matone, zibua kwa mpira mwembamba au waya laini wenye kichwa cha mviringo. Usitumie waya wenye ncha kali, utatoboa mrija na kujitengenezea kazi mpya.

Hatua hii nimeiweka ya pili makusudi. Maji yanayosimama kwenye buti ndiyo yanayokula athi uliyoisafisha sasa hivi.

Hatua ya 3: Taa za kuchomoza

Chomoa kwanza fyuzi iliyoandikwa RETRACTOR kwenye boksi la fyuzi chini ya bonneti. Mota hii haina huruma na vidole. Kila mota ina kirungu chini ya kifuniko cha mpira. Kizungushe kwa mkono. Taa ikipanda laini, mitambo ni mizima, tafuta tatizo kwenye soketi, waya au rilei (swichi inayoendeshwa na umeme). Ikikwama, safisha viungo na upake grisi. Kirungu hicho ndicho kitakachokuokoa usiku taa zikigoma.

Hatua ya 4: Injini inamisi

Anza na waya za plagi, hasa ikimisi unapokanyaga mafuta au siku ya mvua. Usiku, fungua bonneti injini ikiwa inawaka, zima taa zote zilizo karibu, angalia bila kugusa. Waya uliochoka hurusha vicheche vya buluu. Ukibadilisha, toa mmoja urudishe mmoja. Kagua na plagi. Pengo lake ni milimita 1.1.

Ikiwa saileni (mwendo wa injini bila kukanyaga mafuta) inapanda na kushuka badala ya kutulia kwenye mizunguko 850 kwa dakika, tafuta hewa inayoingia pasipotakiwa. Minya ule mpira wenye mikunjo unaopeleka hewa kwenye injini, nyufa hujificha ndani ya mikunjo.

Hatua ya 5: Klachi

Vuta mpira wa vumbi wa silinda ndogo ya klachi, ubavuni mwa gia boksi. Ukikuta majimaji ndani, inavuja. Badilisha pamoja na masta silinda (ile inayosukumwa na pedali), maana moja ikifa nyingine hufuata. Gari likae juu ya stendi; usiingie chini kwa kutegemea jeki peke yake.

Maswali ya wanachama

Swali: Fundi ameona oili kati ya injini na gia boksi, anataka kushusha gia boksi abadilishe sili ya krenki (mpira unaozuia oili kwenye shafti kuu ya injini). Nimruhusu?

Jibu: Bado, mkuu. Nyuma ya kichwa cha injini kuna sensa ya kamshafti (shafti inayofungua valvu) yenye ringi ya mpira. Ringi ikikauka, oili hutiririka juu ya gia boksi, na ukiwa chini ya gari utaapa ni sili ya krenki. Osha pakauke, endesha siku mbili, mulika kwa tochi kutoka juu. Ringi ni kazi ya muda mfupi, gia boksi si kazi ya mchezo.

Swali: Betri ya kawaida inaenea kwenye buti. Kuna ubaya?

Jibu: Upo. Betri ya humo inatakiwa iwe na mirija ya kutoa gesi nje. Ya kawaida itajaza buti mvuke wa asidi, na bati litaliwa.

Swali: Sindano ya presha ya oili inashuka nikisimama. Nizime?

Jibu: Magari ya mwanzo yana mita ya kweli, inayopima presha yenyewe, hivyo kushuka injini ikiwa moto kwenye saileni ni kawaida, mradi ipande ukikanyaga. Ikigota chini kabisa, zima papo hapo.

Swali: Muuzaji hakumbuki mkanda wa taimingi ulibadilishwa lini.

Jibu: Basi hesabu haujabadilishwa. Muda wake ni kilomita 100,000. Ukikatika, valvu za injini hii hazigongani na pistoni, ila utalala njiani. Wakifungua, wabadilishe na pampu ya maji. Kama yako ni 1.6 ya mwanzo, waangalie pulii ya krenki inazunguka bila kuyumba. Ikiyumba, hilo si tatizo dogo tena, lete hapa tuliongelee peke yake.