Namna ya kulea anachokipenda mtoto bila kumpokonya

Mzazi anayetaka kumsaidia mtoto katika jambo analolipenda aanze kwa kutazama, si kwa kununua. Kwa wiki mbili au tatu, angalia mtoto anafanya nini pale ambapo hakuna aliyemwagiza: akishavua sare za shule, umeme unapokatika, au Jumapili jioni wenzake wakiwa wameitwa majumbani. Kile anachokirudia bila kuambiwa ndicho cha kufuatilia, ingawa mara nyingi hakiko wazi kama tunavyodhani, kwa sababu mtoto anayekusanya vifuniko vya soda huenda anapenda kuhesabu na kupanga kuliko vifuniko vyenyewe. Usimuulize anataka kuwa nani akikua, kwani swali hilo humlazimu atafute jibu la kumridhisha mtu mzima. Mwambie tu, "Hebu nionyeshe unavyofanya," kisha keti umsikilize hadi amalize.

Hatua inayofuata ni muda, na katika Dar es Salaam hilo ndilo gumu zaidi. Watoto wengi huondoka nyumbani alfajiri ili wawahi usafiri, hurudi jioni wamechoka, na Jumamosi huwasubiri twisheni. Mkataba wa Haki za Mtoto wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1989, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991, unamtambulia mtoto katika ibara ya 31 haki ya kupumzika, kucheza na kushiriki katika sanaa, nami naamini haki hiyo huanza kuheshimiwa au kuvunjwa nyumbani. Tenga walau saa mbili kwa wiki zilizo zake kabisa, na usizifute kama adhabu ya alama mbaya, kwa maana mtoto aliyeshindwa hesabu anahitaji zaidi, si kidogo, mahali ambapo anajiona anaweza.

Kwa familia iliyopanga chumba kimoja au viwili, nafasi si kikwazo kama inavyosemwa. Ndoo yenye mfuniko, iliyowekwa chini ya kitanda na isiyofunguliwa na mtu yeyote bila idhini ya mwenyewe, inatosha.

Chukua mfano wa mtoto anayependa bahari, maana hapo ndipo nilipojifunza kwa kukosea. Binti yangu alipokuwa na miaka minane alikuwa akirudi kutoka ufukwe wa Kunduchi mifuko ikiwa imejaa kete na vipande vya matumbawe, nami kwa furaha nikamchoria daftari lenye safu za majina na tarehe, nikawa namhoji kila jioni kama amelijaza. Haukupita mwezi akaacha kuokota. Nilikuwa nimeligeuza pendo lake kuwa somo jingine, na msahihishaji nilikuwa mimi. Tulipoanza upya nilijipa kazi moja tu, yaani kujua maji yanakupwa saa ngapi. Wakati wa bamvua, siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu na zile chache zinazofuata, maji ya pwani yetu huenda mbali zaidi, na tofauti kati ya kujaa na kupwa huweza kuzidi mita 3. Siku hizo maji ya asubuhi huwa yamekupwa kabisa kati ya saa nne na saa tano hivi, na kila siku inayofuata huchelewa kwa wastani wa dakika 50. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, safari hiyo haina faida kubwa. Mvalishe mtoto viatu vinavyofunika vidole kwa sababu ya miiba, geukeni kurudi nchi kavu mara maji yanapoanza kujaa, na mkubaliane kwamba gamba lenye mnyama hai ndani yake libaki lilipo. Akikuuliza jina usilolijua, mwachie amuulize mvuvi aliye karibu huku wewe ukiwa umesimama pembeni. Jibu alilolipata mwenyewe halisahau.

Kwa anayependa kuchora, usikimbilie vifaa vya bei kubwa. Edward Saidi Tingatinga, aliyefariki mwaka 1972, alianza sanaa yake hapa jijini kwa rangi za baiskeli na mbao nyembamba za ujenzi, na wachoraji wanaofuata mtindo wake bado wanafanya kazi Oysterbay, ambapo mtoto anaweza kusimama akatazama mkono ukitembea. Anayevutiwa na mifupa na mawe mpeleke Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert, akasome habari za Zinjanthropus, fuvu lililogunduliwa Olduvai mwaka 1959, lakini mwachie achague chumba kimoja, hata kama nauli inakushawishi mmalize vyote.

Anayefungua redio mbovu anahitaji sheria kali zaidi. Umeme wa ukutani ni wa volti 230 na unaua, na televisheni ya zamani yenye kioo kizito huweza kubaki na umeme hata baada ya kuchomolewa, kwa hiyo asiiguse kabisa. Mpe betri kavu za volti 1.5, balbu ndogo, nyaya na bisibisi yake mwenyewe. Ukimwombea kwa fundi wa mtaani akae kuangalia, kaa naye siku za mwanzo, chagua kibanda kilicho wazi mbele ya watu, na eleza waziwazi kwamba amekuja kujifunza, si kutumwa.

Mtoto akiacha alichokuwa akikipenda, usimkumbushe gharama. Ihifadhi ndoo yake kwa miezi kadhaa, na usiwagawie wadogo zake kilichomo kabla hujamuuliza. Binti yangu alipofikisha miaka kumi na mmoja aliyagawa magamba yake mwenyewe kwa watoto wa nyumba ya jirani, akabakiza kete tatu, na ndoo ileile sasa ina brashi na makopo ya rangi.